Vipeo Hasi, Vipeo vya Sehemu na Mfereji wa Vingunguti

(Maneno yaliyosemwa ukumbini siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wanafunzi wa leo mliokaa sakafuni kwa sababu wazee tumewanyang'anya viti:

Niliombwa niseme juu ya umuhimu wa hisabati. Ndugu Mwenyekiti, umuhimu wa hisabati umekwisha kusemwa katika kumbi nyingi za nchi hii, na kila mara wanafunzi hupiga makofi, kisha hurudi darasani na kulichukia somo lile lile. Kwa miaka mingi katika mtihani wa kidato cha nne wanaoshindwa Hisabati wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu. Hotuba hazijawasaidia. Kwa hiyo kwa ruhusa yako sitausifu mchezo, nitaucheza. Nitafundisha kipande kimoja tu, tena kile ambacho kizazi chetu kilikiogopa na chenu kinakiogopa: kurahisisha mitajo ya aljebra yenye vipeo hasi na vipeo vya sehemu. Ubao upo na chaki ninayo. Baada ya hapo nitawapeleka Vingunguti, ninakoishi, mkaone vipeo hivyo vikifanya kazi.

Tuanze na jambo ambalo hata mtoto wa darasa la saba analijua. Nikiandika a³ nina maana ya a mara a mara a. Nikiandika a² nina maana ya a mara a. Nikizidisha a³ kwa a² nimezipanga a tano katika mstari mmoja, nami napata a⁵. Vipeo vimejumlishwa: 3 na 2 ni 5. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Unapozidisha, na namba ya chini ni ile ile, jumlisha vipeo. Mimi naiita kanuni mama, kwa sababu zilizobaki zote ni watoto wake. Unapogawanya, unatoa vipeo. Unapokipandisha kipeo juu ya kipeo, kama (a³)², unavizidisha, maana a³ mara a³ ni a⁶.

Sasa tatizo linakuja. Kipeo 3 kinaniambia niiandike a mara tatu. Je, kipeo 0 kinaniambia nini? Utaandikaje kitu mara sifuri? Utaandikaje mara nusu, au mara hasi tatu? Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, na wana haki, kwa sababu wameishikilia ile maana ya kwanza ya kuhesabu a. Wanahisabati walifanya jambo la busara. Waliacha kuuliza "mara ngapi?" wakauliza "tukipe kipeo hiki maana gani ili kanuni mama isivunjike?" Swali hilo moja hufungua milango yote.

Mlango wa kwanza: a⁰. Kwa kanuni mama, a⁰ mara a³ ni a³, maana 0 na 3 ni 3. Ni namba gani ukiizidisha kwa a³ hubaki a³ vile vile? Ni 1 peke yake. Basi a⁰ ni 1, almuradi a yenyewe si sifuri.

Mlango wa pili: a⁻³. Kwa kanuni mama, a⁻³ mara a³ ni a⁰, nayo tumekwisha kuona ni 1. Basi a⁻³ ni moja chini ya a³. Tazameni vizuri, wanangu. Kipeo hasi hakiifanyi namba kuwa deni. 2⁻³ si hasi 8; ni 1/8, namba chanya kabisa. Kipeo hasi kinamhamisha mtu ghorofa tu: aliye juu ya mstari hushuka chini, aliye chini hupanda juu, na akihama ishara ya kipeo chake hubadilika.

Mlango wa tatu: a¹ᐟ². Kwa kanuni mama, a¹ᐟ² mara a¹ᐟ² ni a¹, yaani a. Ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata a? Ni kipeuo cha pili cha a. Vivyo hivyo a¹ᐟ³ ni kipeuo cha tatu. Na 8²ᐟ³? Asili, ile 3 ya chini, inataja kipeuo. Kiasi, ile 2 ya juu, inataja kipeo. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, na 2 kwa kipeo cha pili ni 4. Anza na kipeuo, namba ziwe ndogo, ndipo upandishe. Ukianza kwa kupandisha utapata jibu lile lile, 64 na kipeuo chake cha tatu 4, lakini utakuwa umebeba mzigo mkubwa bila sababu. Herufi zangu zote hapa ni za namba chanya, ili tusiulizane kipeuo cha pili cha namba hasi.

Msidhani haya ni mambo yaliyoshushwa na mtu mmoja kwa siku moja. Neno aljebra linatokana na al-jabr, lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9. Katika karne ya 12 al-Samaw'al, mzaliwa wa Baghdad, alizipanga namba kwa safu, upande mmoja wa 1 zikipanda na upande wa pili zikishuka, akaonyesha kwamba kanuni ya kujumlisha inafanya kazi pande zote mbili. Katika karne ya 14 Nicole Oresme wa Ufaransa alishughulikia vipeo vya sehemu. John Wallis wa Uingereza alivieleza vipeo hasi na vya sehemu katika kitabu chake cha mwaka 1656, na Isaac Newton aliviandika karibu kama tunavyoviandika leo katika barua ya mwaka 1676. Kwa hiyo mwanafunzi asiyevielewa kwa dakika 40 za kipindi kimoja asijione mjinga. Dunia ilichukua karne kadhaa.

Tena sisi tunayo shida moja ya ziada. Shule ya msingi mlisoma kipeo na kipeuo kwa Kiswahili. Mlipoingia sekondari mkakutana na vitu vile vile vimevaa Kiingereza, na wengi wakadhani ni mnyama mpya. Ushauri wangu ni huu: neno likikutisha, litazame jambo lililoandikwa. Alama ya a⁻³ haina Kiingereza wala Kiswahili. Ielewe kwa lugha unayootea ndoto, kisha uandike jibu kwa lugha ya mtihani.

Tufanye moja la mtihani. Rahisisha (27a⁶b⁻³)²ᐟ³. Kipeo cha nje kinamgusa kila mmoja aliye ndani. 27²ᐟ³: kipeuo cha tatu ni 3, na 3 mara 3 ni 9. Kwa a, 6 mara 2/3 ni 4. Kwa b, hasi 3 mara 2/3 ni hasi 2. Tumepata 9a⁴b⁻², na b akishuka chini ya mstari jibu ni 9a⁴/b². Hapana uchawi.

Lakini angalieni shimo lililomeza wengi. Kipeo cha nje kinawagusa wanaozidishana, hakiwagawi wanaojumlishwa. (9 + 16)¹ᐟ² si 3 na 4. Ndani kuna 25, na kipeuo chake ni 5. Mwenye kuandika 7 hapo amekosa, hata akiandika kwa mwandiko mzuri.

Sasa twende Vingunguti. Ukitaja Vingunguti mtu hufikiri kwanza machinjio. Basi tuanzie hapo. Mwaka 1932 Max Kleiber, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alitangaza kwamba nguvu anayotumia mnyama akiwa amepumzika haikui sambamba na uzito wake. Inakaribia kufuata uzito kwa kipeo cha 3/4. Hii si kanuni ya hisabati bali ni kipimo cha wastani kilichotokana na kupima wanyama wa aina mbalimbali, lakini imesimama vizuri.

Chukua mbuzi wa kilo 25 na ng'ombe wa kilo 400, wote wamefika zizini wanangoja. Ng'ombe ni mzito mara 16. Je, anatumia nguvu mara 16? Andika 16³ᐟ⁴. Kipeuo cha nne cha 16 ni 2, na 2 kwa kipeo cha tatu ni 8. Anatumia mara 8 tu. Sasa tuulize juu ya kilo moja moja. Nguvu ya mnyama mzima igawanywe kwa uzito: M³ᐟ⁴ gawanya kwa M¹. Toa vipeo: 3/4 toa 1 ni hasi 1/4. Umepata M⁻¹ᐟ⁴. Huyu hapa, kipeo hasi tena cha sehemu, katika zizi la ng'ombe! 16⁻¹ᐟ⁴ ni nusu. Kilo moja ya ng'ombe inatumia nusu ya nguvu inayotumiwa na kilo moja ya mbuzi. Mbuzi 16 wana uzito sawa na ng'ombe mmoja, lakini zizini wanachoma nguvu kama ng'ombe wawili. Mwenye kuweka mifugo akingoja soko lipande, hesabu hii inamgusa mfukoni.

Jambo la pili Vingunguti ni maji. Bonde la Msimbazi liko jirani yetu, na wote mnakumbuka mvua za Desemba 2011 zilizoua makumi ya watu katika jiji hili. Mimi nilifanya kazi ya vipimo vya barabara na mifereji mpaka nilipostaafu, kwa hiyo wenye nyumba wa mtaani kwetu walipotaka kuchanga fedha za kujenga mfereji waliniita kikaoni. Wengine walitaka wenye upana wa nusu mita na kina cha robo mita. Wengine walitaka upana wa mita moja na kina cha nusu mita. Mzee mmoja akasema, "Huo wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, utakula fedha mara mbili na utabeba maji mara mbili. Tofauti iko wapi?" Maneno yake yalionekana ya haki. Hesabu ikasema vingine.

Wahandisi wa maji hutumia kanuni inayoitwa ya Manning, kwa jina la Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyewasilisha kazi yake mwaka 1889, ingawa Mfaransa Philippe Gauckler alikuwa amepita njia hiyo hiyo mwaka 1867. Inasema mwendo wa maji, kwa mita katika sekunde moja, ni:

V = n⁻¹ × R²ᐟ³ × S¹ᐟ²

Mnaona? Kipeo hasi na vipeo viwili vya sehemu katika mstari mmoja. n ni namba inayopima jinsi kuta zilivyo laini au zenye kukwaruza. Inapokuwa kubwa maji huchelewa, ndiyo maana kipeo chake ni hasi. S ni mteremko. R hupatikana hivi: ukate mfereji kama mkate, upime eneo la maji katika kipande ulichokikata, kisha uligawe kwa urefu wa kuta na sakafu vinavyoguswa na maji.

Chukua mfereji mdogo, umejaa. Eneo ni 0.5 mara 0.25, yaani 0.125 ya mita ya mraba. Sakafu ni 0.5 na kuta mbili ni 0.25 kila mmoja, jumla mita 1. Basi R ni 0.125, yaani 1/8. Saruji iliyosawazishwa vizuri tuipe n ya 1/80. Mteremko ni mita moja kwa kila mita 100, yaani 10⁻². Sasa rahisisha:

(1/80)⁻¹ × (1/8)²ᐟ³ × (10⁻²)¹ᐟ² = 80 × 1/4 × 1/10 = 2

Maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo: 0.125 mara 2 ni mita za ujazo 0.25, yaani lita 250 kila sekunde. Ni pipa la lita 200 na zaidi, kila sekunde.

Na ule mkubwa? Hapana haja ya kuanza upya. Vipimo vyote vya urefu vimezidishwa kwa namba moja, tuiite L. Eneo linazidishwa kwa L². R inazidishwa kwa L, kwa hiyo mwendo unazidishwa kwa L²ᐟ³. Maji yanayopita yanazidishwa kwa L² × L²ᐟ³, na kwa kanuni mama 2 na 2/3 ni 8/3. Mtajo mzima umerahisika kuwa L⁸ᐟ³. Kwetu L ni 2. 2⁸ ni 256, na kipeuo cha tatu cha 256 ni kama 6.35. Ndugu zangu wa zamani mnaokumbuka majedwali ya logi ya tarakimu nne: logi ya 2 ni 0.3010, zidisha kwa 8, gawanya kwa 3, upate 0.8027, na jedwali la pili litawapa 6.349. Mfereji "mara mbili" unabeba maji zaidi ya mara sita! Kuchimba ni mara nne, ndiyo. Lakini sakafu na kuta za kupiga saruji ya unene ule ule ni mara mbili tu. Kikao kiliamua mkubwa.

Hapo tungeweza kupiga makofi na kwenda kula. Lakini mtajo uliorahisishwa vizuri unasema na upande wa pili, na huo ndio ninaotaka muondoke nao. Tupa taka mferejini: mifuko, maganda, mchanga. Tuseme njia ya maji imebaki nusu ya upana na nusu ya kina. Mtu anapita anasema, "Si mbaya, nusu bado iko wazi." L sasa ni 1/2, yaani 2⁻¹, na L⁸ᐟ³ ni 2⁻⁸ᐟ³. Kwa logi ni hasi 0.8027, ambayo sisi tuliiandika kwa ile moja yenye kistari juu ya kichwa na 0.1973 mbele yake. Jibu ni 0.1575. Haikubaki nusu. Haikubaki hata robo. Imebaki chini ya sehemu moja ya sita.

Turudi kwa mfereji mdogo wa lita 250 kwa sekunde. Ukizibwa hivyo unapitisha kama lita 39, karibu madebe mawili tu. Mvua ikileta zile lita 250, lita 210 za kila sekunde zinakwenda wapi? Zinaingia kwa jirani. Kwa saa moja ni zaidi ya lita 750,000. Nami nimehesabu kwa upole, maana taka zinakwaruza pia, n inapanda, na n⁻¹ inashuka.

Wanafunzi, hii ndiyo sababu nawaambia msikariri. Aliyekariri anajua kwamba 2⁻⁸ᐟ³ ni swali lenye alama mbili. Aliyeelewa anajua maji yataingia nyumba ya nani. Kanuni ni moja, ya kujumlisha vipeo. Sifuri, hasi na sehemu vimetokana nayo, na kila mmoja wenu anaweza kuitoa upya kichwani katika chumba cha mtihani, hata akiwa amesahau kila kitu.

Na kwa kuwa mwalimu haondoki bila kuacha zoezi, chukueni hili. Mteremko ukiwa mara nne, mwendo wa maji unakuwa mara ngapi? Kila kipimo cha mfereji kikiwa mara 8, maji yanakuwa mara ngapi? Wa kwanza atakayeniletea majibu yote mawili pamoja na njia yake, nina kalamu yake mfukoni. Njia kwanza, jibu baadaye. Na ninyi wazee wenzangu mnaonong'onezana huko nyuma, kalamu hii si yenu.

Jumamosi tunazibua mfereji wetu Vingunguti. Mwenye jembe na aje na jembe, na wanafunzi waje na futi tupime pamoja.